Jivraj Fundi Viatu

Mlinzi alimrudisha Stéphanie mlangoni kwa sababu ya kalamu. Ilikuwa safari yao ya nne katika jengo hilo la nyaraka la London, na kila safari mlinzi alipata la kumrudishia: mara mkoba, mara koti, mara kitambulisho ambacho alikuwa amekiangalia Jumanne iliyopita na hakikuwa kimebadilika. Mzee Kanti, mwenye suti na fimbo nyeupe, hakuwahi kuulizwa kitu.

"Samahani, ilikuwa katikati ya dawa," alisema Stéphanie kwa Kiingereza chake cha polepole, akaitoa ile kalamu ya wino kwenye mfuko wa nailoni ulioonyesha kila kitu alichobeba.

"Hata mimi wananipekuaga," Shiro alimnong'oneza alipowapokea ndani. "Na mimi ndiyo nafanya kazi hapa. Shika penseli yangu, dada. Mzee, habari ya Kingsbury?"

"Kingsbury iko," alisema Mzee Kanti. "Umenipatia babu yangu?"

Shiro, mwenyeji wa Nyeri, ndiye aliyewaletea makasha tangu siku ya kwanza. Alikuwa amewasikia mzee wa Kihindi na msichana wa Kikongo wakibishana kwa Kiswahili juu ya vidonge, akacheka, na tangu hapo hakuwaacha. Mzee Kanti, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa na miaka themanini na moja. Macho yake yalibakia kuona pembeni tu; katikati ya kila kitu palikuwa na doa jeusi. Kwa hiyo macho ya kusomea yalikuwa ya Stéphanie, ambaye kampuni ya walezi ilimtuma kumpa dawa, kumpikia na kumtembeza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na shule aliiacha Uvira mwaka wa tano wa msingi. Lakini majina ni majina. Shiro alimpa ukanda wa karatasi nyeupe auweke chini ya mstari ili asiguse maandishi kwa kidole, na hivyo akasoma, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Walikuwa wanamtafuta Jivraj. Ukumbi wa jumuiya kule Kingsbury ulikuwa unatengeneza ubao wa majina ya mababu waliopigana chini ya Waingereza, na jina la kwanza juu kabisa lilipangwa liwe la Subedar Jivraj, babu yake Mzee Kanti, aliyekuja na kikosi cha Kihindi kupitia Mombasa katika vita vile vya kwanza vya Wazungu. Familia ilikuwa na picha yake, amevaa koti la afisa na upanga kiunoni. Kilichokosekana ni karatasi. Kamati ilitaka namba ya askari kabla ya Jumapili ya tarehe kumi, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa mwanajeshi mstaafu na huenda angeuliza.

"Subedar, unajua ni nini?" Mzee Kanti alimwambia Stéphanie safari ya kwanza. "Afisa Mhindi. Anaamuru Wahindi mia. Halafu anakuja kijana wa Kizungu aliyetoka shule jana, ndevu bado, na subedar yule mwenye mvi anampigia saluti. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini ni afisa!"

Maafisa wote wa kikosi walikuwa wamekwisha kusomwa. Jivraj hakuwamo. Askari wa bunduki nao walikwisha siku ya tatu. Siku hiyo ya nne Shiro aliweka mezani kitabu kipana, ngozi yake imemenyeka pembeni.

"Mzee, nimebakiwa na hiki. Ni cha wale waliofuata kikosi. Wapishi, wachota maji, wafua nguo, wafagiaji. Hawakuhesabiwa kama askari, lakini walikuwa kwenye mshahara wa jeshi."

"Babu yangu hakuwa mpishi."

"Tukitazame tu, tuseme tumetazama."

Stéphanie akaweka ukanda wake. Alisoma ukurasa mmoja, wa pili, wa saba. Mzee Kanti alikuwa anasinzia. Kwenye ukurasa wa tisa, ambako namba zilianza upya na moja, sauti ya Stéphanie ilikatika kidogo, kisha ikaendelea.

"Namba kumi na moja. Jivraj. Mtoto wa Premji." Akataja kijiji. Kilikuwa kile ambacho mzee alimwandikia kwa herufi kubwa siku ya kwanza, kwenye karatasi ambayo Stéphanie alikuwa anatembea nayo mfukoni. "Alama ya mwili: kovu juu ya jicho la kushoto. Kazi: mochi. Mshahara wa mwezi, rupia..."

"Soma tena kazi."

"Mochi, Papa. Ni nini?"

Mzee Kanti alipapasa meza mpaka akaifikia pembe ya kitabu, akataka kukifunga. Shiro aliushika mkono wake taratibu.

"Si huyo," alisema mzee. "Majina yanafanana. Twende nyumbani, kunanyesha."

Nje kulikuwa na jua.

*

Nyumba ya akina Mzee Kanti ilikuwa mtaa wa nyuma ya Kingsbury Road, hatua chache kutoka duka ambamo Mzee Kanti aliuza viatu miaka thelathini kabla ya kumwachia mwanawe Manish, naye Manish akalipangisha kwa muuza simu. Picha ya Jivraj ilitundikwa sebuleni juu ya televisheni. Reshma, mke wa Manish, aliifuta kila Ijumaa kwa kitambaa chake maalumu, na hakuna aliyeruhusiwa kutumia kitambaa hicho kwa kitu kingine. Stéphanie alikuwa na kikombe chake cha peke yake, kilichokaa dirishani karibu na sabuni ya vyombo. Hakuna aliyewahi kumwambia ni chake. Alikuta tu siku ya pili kimehamia pale.

Siku mbili mzee hakula vizuri. Manish alipouliza, "Dad, namba ya askari iko wapi?" alijibiwa, "Bado." Siku ya tatu, Manish na Reshma walipokwenda kazini, mzee alimwita Stéphanie sebuleni.

"Simama mbele ya picha. Mimi siioni tena. Nikiitazama, babu anakuwa doa. Niambie unachokiona. Usiniambie tunachosema humu ndani, hicho nakijua."

Stéphanie akasimama. Hakupenda kuulizwa anaonaje. Maisha yake yote alikuwa ameulizwa amefanya nini.

"Ni mwanaume kijana. Ana kilemba. Ana masharubu. Juu ya jicho la kushoto kuna mstari."

"Mstari au kovu?"

"Kovu, Papa."

Mzee aliinamia mbele. "Endelea."

"Koti iko na vifungo vya kung'aa. Iko kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Mikono inafika kwenye vidole. Hapa shingoni, ngumi yangu ingeingia."

"Alikuwa vitani. Watu hukonda."

Stéphanie akanyamaza. Mzee akagonga sakafu kwa fimbo. "Sema, binti. Unanyamaza kama mtu aliyekula sukari ya watu."

"Kwetu Uvira, papa wa studio alikuwa na koti moja nyeusi. Ilikuwa inatundikwa kwenye msumari. Kila mwanaume aliyekuja, alivalishwa ile. Papa yangu alikuwa anauza makaa, lakini kwenye picha ni kama gavana. Nyuma walimbana na vibanio vya nguo ili imkae. Mama yangu alikuwa anatuambia, 'Heshimuni, baba yenu alikuwa na suti.'" Akashusha sauti. "Samahani, Papa. Sisemi kwamba ni vile vile."

"Upanga ameushikaje?"

"Kama mtu ameshika mwiko."

Mzee Kanti alicheka, kicheko kilichomtoka kabla hajakizuia, na kikaisha vilevile ghafla. Basi likapita nje na vioo vikatetemeka.

"Hakuna kinachomkaa mwilini?" aliuliza. "Hakuna hata kimoja?"

Stéphanie akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo cha picha.

"Viatu," alisema. "Viatu vinamkaa. Vimeshonwa mara mbili kuzunguka, na kisigino kimelala sawa. Hivyo ni vyake."

"Mara mbili? Una uhakika?"

"Naona uzi, Papa. Mistari miwili."

Mzee aliinamisha kichwa. Alipoanza kusema, alisema kama anayemweleza mtu aliyekaa mbali zaidi kuliko Stéphanie. Baba yake, kule Kisumu, alikuwa fundi viatu, na alikuwa anashona mara mbili. Watu walimcheka kuwa anapoteza uzi. Mochi ndiyo hiyo: fundi viatu, mtu wa ngozi, ambaye wenye maduka hawakutaka mtoto wao aketi karibu na mtoto wake. Shuleni walikuwa wakikunja pua Kanti akipita. Siku moja alirudi nyumbani analia, na wiki hiyohiyo baba yake akauza vyombo vyake vyote, akahamisha familia mtaa mwingine, akatundika picha ile ukutani na kusema, "Sisi ni watu wa Subedar."

"Yeye alijua," alisema Mzee Kanti. "Alijua kila kitu. Na mimi nimewauzia watu viatu miaka thelathini, nikijisifu kuwa ni biashara, si kazi ya mkono. Miaka sabini, Stefani! Namheshimu mwenye koti."

"Sasa utafanya nini, Papa?"

"Nitamwambia mwanangu. Babu yangu ana jina, ana namba, ana kazi. Wamwandike hivyo."

*

Manish alisikiliza akiwa amesimama, bado na koti la kazini. Alizaliwa London; Kiswahili alikielewa, lakini alikijibu kwa Kiingereza.

"Hakuna anayejua hili, Dad. Nani mwingine ameona hicho kitabu?"

"Mimi nimesikia. Stefani amesoma."

"Huyu?" Manish alimgeukia. Stéphanie alikuwa anakunja blanketi la mzee na aliendelea kulikunja ingawa lilikuwa limeshakunjika. "Wewe umeajiriwa kumpa dawa. Nani amekutuma kuchimbua ukoo wetu?"

"Mimi ndiye nimemtuma," alisema mzee. "Na usimsemeshe kama mwizi."

"Nimepata namba tayari. Kuna Subedar Jivraj kwenye mtandao. Sehemu nyingine, kikosi kingine, lakini jina ni lile lile. Bamba la shaba limeshachongwa. Limeshafungwa kwenye ubao!"

"Huyo ni babu wa watu wengine."

"Dad, please." Manish aliketi, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha uchovu kuliko hasira. "Miaka kumi nilikuwa napanga viti kwenye ukumbi ule. Kamal mwenyekiti alikuwa ananiita 'mtoto wa muuza viatu' mbele ya watu. Alipoiona ile picha ndipo akaniambia nikae kwenye kamati. Leo mimi ni katibu. Unataka Jumapili nisimame nimwambie kwamba alikuwa na haki ya kunicheka?"

"Nataka umwambie hakuwa nayo."

Hawakuelewana. Reshma, aliyekuwa mlangoni na kitambaa cha picha mkononi, ndiye aliyekumbuka simu ya Stéphanie. "Ameupiga picha ukurasa," alisema. "Huwa anapiga kila ukurasa wenye jina hilo."

Manish akanyoosha mkono. Hakuinyakua, alisubiri tu mkono ukiwa wazi, jinsi mtu anavyosubiri chenji. Stéphanie akafungua simu, akafuta picha ile huku wanamtazama.

"Na kule zinakokwenda zikifutwa," alisema Reshma.

Akafuta na kule. Kilichomuudhi zaidi baadaye ni kwamba alitii haraka, nao waliona.

Kesho yake mratibu wa kampuni alimpigia. Familia ilikuwa imeomba mlezi mwingine. Halikuwa lalamiko rasmi, alisema, na angepewa nyumba nyingine kule Rayners Lane kuanzia Jumatatu. Ila akionekana tena karibu na mteja huyo, au akimpigia, asihangaike kurudi ofisini.

"Umenielewa, Stephanie?"

"Ndiyo, nimeelewa," alisema.

*

Mzee ndiye aliyepiga. Simu yake ilikuwa na vitufe vikubwa vinne kwa sababu ya macho, na hakuna aliyekumbuka kuondoa jina la mlezi kwenye kitufe cha tatu.

"Stefani, mlezi mpya ni mwanaume. Ananiogesha kama gari."

"Papa, nimekatazwa kusema na wewe."

"Basi usiseme, sikiliza. Nikisimama Jumapili niseme tu kwa mdomo, Manish atawaambia baba amezeeka, akili imechoka. Ameshaanza kuwaambia. Sina karatasi. Ile penseli ya Shiro bado unayo?"

 Stéphanie alikuwa amekaa kitandani kwenye chumba alichopanga, akiwa na sare ya kazi iliyofuliwa kwa ajili ya Jumatatu. Alifikiria alivyofuta picha ile mbele yao. Angekataa, hakuna ambaye angejua ila yeye na mzee mmoja asiyeona.

"Nitaenda mimi," alisema. "Kesho."

Kesho yake mlinzi alimsimamisha mlangoni. "Leo uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Walezi wanaingia na wasomaji wao."

"Basi naomba kadi ya msomaji," alisema Stéphanie. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakusogea, na watu nyuma yake kwenye foleni wakaanza kuguna. Mlinzi akamwonyesha dirisha la kujiandikisha. Fomu ilikuwa ndefu. Palipoulizwa cheo chake aliandika *mlezi*. Palipoulizwa chuo, akaacha wazi. Palipoulizwa anatafiti nini alikaa dakika nyingi, kisha akaandika kwa Kiingereza, kwa herufi zilizotengana: Watu waliofuata jeshi la Wahindi. Mwanamke wa dirishani aliisoma, akamtazama, akampiga picha. Kadi ilitoka ya moto, na uso wake juu yake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayegombana.

Shiro alimletea kitabu bila kuuliza. "Naweza kukutolea nakala kwa mashine," alisema.

"Itachukua muda gani?"

"Siku tano. Kuna utaratibu."

"Jumapili ni keshokutwa. Nitaandika kwa mkono, halafu wewe uweke saini kwamba nimeandika sawa."

Shiro alifikiri kidogo. "Muhuri wa nakala sina ruhusa. Lakini jina langu ni langu. Nitasaini."

Stéphanie alikusudia kunakili mstari mmoja. Alipomaliza namba kumi na moja, macho yakateremka yenyewe kwenye namba kumi na mbili, mfua nguo, aliyekufa kwa kuhara na kwenye safu ya mazishi hakuandikiwa kitu. Kumi na tatu alikuwa mchota maji. Kumi na nne mkata majani ya farasi. Akarudi juu, akaanza tena na namba moja. Saa sita zilipita. Alitoka na watu ishirini na sita kwenye karatasi mbili, na kidole chake cha kati kikiwa na shimo la penseli.

*

Ukumbi ulijaa Jumapili mchana. Viti vya mbele vilikuwa na majina juu yake. Ubao ulisimama jukwaani ukiwa umefunikwa kitambaa cha zambarau, na harufu ya dengu na pilipili ilikuwa inatoka jikoni. Stéphanie aliingia kwa mlango wa nyuma, na akina mama wa jikoni, wakidhani ameletwa kusaidia, wakampa trei. Alisimama nayo kando ya mlango, mahali alipomwambia mzee kwa simu kuwa atakuwepo. Kutoka pale alimwona Mzee Kanti mstari wa kwanza, suti imefungwa vifungo vibaya, Manish amemshika kiwiko.

Kamal, mwenyekiti, aliongea kwa muda mrefu juu ya ushujaa. Mwanajeshi mstaafu alivuta kitambaa. Watu wakapiga makofi. Mabamba ya shaba yalipangwa safu kwa safu, na la juu kabisa lilikuwa kubwa kuliko mengine: SUBEDAR JIVRAJ.

"Na sasa maneno mawili kutoka kwa mjukuu wake," alisema Kamal. "Kantibhai."

Mzee alipandishwa jukwaani. Alishukuru kwa Kigujarati, akashukuru kwa Kiingereza, na Manish akaanza kupumua. Kisha mzee akabadilisha lugha. Nusu ya ukumbi walikuwa watu wa Kisumu, Mwanza na Jinja. Vichwa vyenye mvi vikainuka kote.

"Nitasema kwa Kiswahili," alisema, "kwa sababu mwanangu hawezi kunikatiza kwa Kiswahili. Ubao huu unasema uongo juu ya babu yangu. Hakuwa subedar. Alikuwa mochi wa kikosi. Alishona viatu vya askari kutoka Mombasa mpaka chini ya Kilimanjaro, na waliomwamuru hawakumhesabu kuwa askari. Picha mnayoijua alipigwa na koti la studio."

Kukawa na mguno kama wa treni inayofunga breki.

"Baba anaumwa," Manish alimwambia mgeni rasmi kwa Kiingereza.

"Macho tu yanaumwa," alisema mzee. "Na kwa kuwa macho yanaumwa, kuna msichana pale mlangoni atanisomea. Stefani, umekuja?"

Trei ilikuwa na vikombe kumi na viwili. Stéphanie akaiweka chini, sakafuni, kwa kuwa hakuona meza. Akatembea katikati ya ukumbi. Reshma aliinuka nusu, akamtambua, na mkono wake ukaenda kwenye simu. Stéphanie alimwona akiiweka sikioni na alijua anampigia mratibu wa kampuni. Akaendelea kutembea.

"Namba moja," alisoma.

"Hatusikii!" alipiga kelele mtu. "Mwambieni ameze ndimu!" Watu wakacheka.

Stéphanie akasogeza kipaza sauti. "Namba moja," alisema tena, akataja jina, baba, kijiji, kazi. Namba mbili. Namba tatu. Alipofika ya nne kipaza sauti kilikufa. Manish alikuwa ameshika waya uliochomolewa.

"Kantibhai," alisema Kamal kwa upole wa mtu anayetazamwa na wageni, "tunakuheshimu. Lakini leo ni siku ya mashujaa, si ya masufuria na ndoo. Tutalizungumza kwenye kamati."

"Kamal!" Ilikuwa sauti ya Alka, mjane wa Jinja, kutoka mstari wa tatu. "Babu yako alipanda meli na pasi ya makaa, si na bunduki. Mama yangu alikuwa anampelekea mashuka ya kufua. Unataka niendelee?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Kamal alirekebisha tai yake.

"Basi," alisema, bila upole sasa, "fundi viatu hawezi kukaa juu ya ubao wa askari. Ni kanuni. Ama ni Subedar, ama hayumo."

"Hayumo," alisema Mzee Kanti. "Nipeni kisu."

Hakuna aliyetikisika. Mmoja wa akina mama wa jikoni, ambaye hakuwa anaelewa vizuri yaliyosemwa, alikuja na kisu kidogo cha kukatia limau, akampa. Mzee aliupapasa ubao mpaka akalifikia bamba kubwa. Kidole gumba kikatafuta skrubu ya kwanza, kikaikuta, akaweka ncha ya kisu kwenye mfereji wake na kuanza kuzungusha.

"Dad," alisema Manish, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Watu wanaangalia."

"Ndiyo. Njoo ushike huku, lisianguke."

Manish hakwenda. Alibaki ameshika waya wake. Mzee alifungua skrubu ya kwanza peke yake, akaitia mfukoni, akaenda kwenye ya pili. Kisu kiliteleza mara mbili na mara ya pili kikamkata. Aliufuta mkono kwenye suti na kuendelea. Bamba likalegea, likalala kwenye kiganja chake. Akamkabidhi Kamal.

"Mtafutieni huyo Subedar wajukuu zake. Huenda na wao wanamtafuta. Na siku mkibadilisha kanuni, babu yangu ni namba kumi na moja, Jivraj, mochi." Kisha akageuza uso upande ambako alidhani Stéphanie amesimama. "Mbona umenyamaza? Wewe si ulikuwa namba nne?"

Simu ya Stéphanie ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ilitetemeka, ikaacha, ikatetemeka tena. Watu wa mbele walikuwa wameanza kuinuka kwenda kula, viti vinaburuzwa, na Kamal alikuwa anawaelekeza kwa mkono mlango wa chakula. Stéphanie alivuta pumzi. Hakuwahi kupaza sauti mbele ya watu, hata kanisani.

"Namba nne!" alisema.

Alisoma ya nne na ya tano. Alisoma mpaka kumi na moja, na mzee akaitikia kwa kichwa mara moja. Akasoma ya kumi na mbili, mfua nguo. Mwanamume mmoja, mtu wa makamo ambaye alikuwa ameshafika mlangoni na sahani ya karatasi mkononi, akasimama na kugeuka.

"Rudia huyo," alisema. "Rudia kijiji."

Stéphanie akakirudia, kwa nguvu, ili kifike mlangoni.